Kilichoijaza Kompyuta ya Binti Yangu

Binti yangu alinifuata jikoni asubuhi, uso umemshuka. "Mama, kompyuta imejaa."

Nikaenda kuichungulia. Mbele kioo, nyuma nyaya na vumbi kidogo. Sikuona pa kujaa. Lakini mimi nikiambiwa kitu kimejaa, nataka kujua kimejaa nini, hata kiwe kikapu cha jirani.

Binti yangu anapiga video za harusi, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho ofisi yake. Siku hiyo kwenye benchi la wateja alikuwa amekaa shangazi wa bibi harusi, pochi magotini, macho kwenye saa ya ukutani. Bibi harusi mwenyewe alikuwa anasafiri na mumewe mchana uleule, na alitaka kuondoka na video yake. Video ilishakatwa, ikaungwa, ikatiwa muziki. Ilibaki kuitoa tu ikiwa video moja nzima. Kila binti yangu akibonyeza, kompyuta inamjibu: hakuna nafasi. Diski ya pembeni nayo ilikuwa imejaa tangu zamani.

"Nitayafuta yale mahafali niliyoyapiga, nafasi ipatikane," akaninong'oneza.

"Wenyewe wameshayachukua?"

"Bado. Na sina nakala nyingine."

"Wakija utawapa nini?"

Mdomo ulikuwa unamcheza kama alipokuwa mdogo akivunja sahani.

"Subiri," nikamwambia. "Kwanza tujue nani kajaza vyumba, ndipo tumfukuze mtu. Mwite fundi."

Wakati tunamngoja, nikaanza upelelezi wangu mwenyewe. Mtuhumiwa wa kwanza alikuwa amesimama mlangoni: mkwe wangu, mume wa binti. Tunamwita Meneja, kwa sababu kazi zote za nyumba hii anazisimamia vizuri sana akiwa kitini. Ananiheshimu mno, kwa hiyo namtania nipendavyo, yeye hana pa kurudishia.

"Meneja, mpira wako si umo humo ndani?"

"Mama, mpira naangalia kwenye simu!"

"Na zile sinema za kupigana?"

"Nilizitoa zamani, Mama."

"Mbona jasho linakutoka?"

"Joto tu, Mama."

Shangazi wa bibi harusi akamtazama Meneja kuanzia viatu hadi nywele. Nikafurahi kupata mwenzangu.

Fundi wa kompyuta akaja, mwembamba kama waya zake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, ingia, mgonjwa yuko huku." Akaketi, akaweka programu yake inayopima kila kilichomo ndani. Kioo kikagawanyika vipande vya rangi, vikubwa kwa vidogo, kama shamba lililokatwa viwanja. Nikavuta kiti. Hili nilikuwa sijawahi kuliona.

"Hii ya kijani ni harusi," fundi akasema. "Ya njano ni programu zenyewe. Hii nyekundu hapa..." Akamgeukia Meneja. "Ni sinema za kupigana."

Meneja akaangalia dari. "Lakini si ni ndogo," akasema.

Kweli ilikuwa ndogo. Sivyo ile ya zambarau, ambayo ilikuwa imelala karibu nusu ya shamba zima.

"Na huyu mwenye shamba kubwa ni nani?" nikauliza.

"Sijui, bibi. Amejificha."

Hapo hata shangazi wa bibi harusi akanyanyuka kwenye benchi, akaja kusimama nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake shingoni. Fundi akabonyeza, akabonyeza tena, zambarau ikafunguka. Ndani mlikuwa na video, nyingi ajabu, zimejipanga kwa tarehe. Akafungua moja.

Tukaona ofisi ileile tuliyokuwamo, ila kutoka juu. Benchi, meza, kompyuta. Halafu kikaingia kichwa, upara unang'aa.

"Kichwa hicho nakijua," nikasema. "Nakinyoa mwenyewe."

Alikuwa mume wangu. Kumbe ni ile kamera ya darini, iliyofungwa baada ya mwizi kutuingilia! Kila inachokiona inakitia kwenye kompyuta. Na mume wangu ndiye anayefunga ofisi jioni. Tukamwona anatoa kitambaa, anakilowesha kidogo, anaanza kufuta kioo taratibu, kama anaosha uso wa mtoto. Fundi akafungua video nyingine: kitambaa. Nyingine tena: kitambaa.

Binti yangu akajishika kichwa. "Baba!"

Mzee akatoka chumbani na redio mkononi.

"Baba, si nilikwambia kila jioni ufute kompyuta, usiache kitu?"

"Ulisema. Na nimefuta. Hata nilipokuwa na homa nilifuta."

"Nilisema ufute video za kamera! Nikakuonyesha na mahali penyewe!"

"Ulinionyesha hapa." Akaweka kidole kwenye kona ya juu ya kioo. "Na hapa ndipo ninapotia nguvu zaidi."

Tukaitazama kona hiyo. Ilikuwa inang'aa, unaweza kujitazamia ukifunga kilemba. Binti yangu akafungua mdomo agombe, kikatoka kicheko. Shangazi wa bibi harusi alicheka mpaka pochi ikamponyoka.

Fundi akazichagua zote. "Nifute?"

"Ngoja kwanza," nikasema. Nilikuwa nimeona jambo. Kwenye video ya mwisho, iliyokuwa bado inacheza, mzee alikuwa amemaliza kufuta, ameinama karibu na kioo, midomo inachezacheza. "Hapa unaongea na nani?"

"Naiambia ilale salama," mume wangu akajibu.

"Mimi mbona huniambii?"

"Wewe unaanza kukoroma kabla yangu."

Nikaliacha lipite. Si kawaida yangu.

"Bibi, muda," shangazi akasema kwa upole. Fundi akabonyeza. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika, akabonyeza tena, zambarau ikatoweka.

Mume wangu akasogea. "Zimekwenda wapi?"

"Haziendi popote, mzee. Kompyuta imeambiwa tu kwamba mahali pale pako wazi."

"Kwa hiyo bado nimo?"

"Umo, mpaka kitu kingine kikae juu yako."

Binti yangu akabonyeza kuitoa ile harusi. Safari hii haikukataa. Mstari wa bluu ukaanza kutambaa, na sote tukautolea macho.

"Mume wangu," nikasema, "bibi harusi anakukalia."

"Akae taratibu basi, mgongo unauma."

Mstari ukafika mwisho. Binti yangu akaihamishia video kwenye flashi, akaivuta ingali na joto, akaikabidhi. Shangazi akaitumbukiza kwenye pochi, akatoka mbio hata kwaheri hakusema, na mahafali ya watu yakabaki palepale, hayakuguswa.