Bei ya Tavarius Molden

Kaka yangu Lonnie ni fundi umeme, na haogopi nyaya hata zikitema cheche. Anachoogopa ni mama mkwe wake. Ligi yetu ndiyo iliyompeleka mikononi mwake.

Tuko kumi, ndugu na majirani wa hapa Sheboygan. Kila mmoja ana timu yake kwenye simu, imejaa wachezaji wa kweli wa mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa na kudakwa kwa mikono. Wao wakidaka na kufunga Jumapili, pointi zinaingia kwetu tuliokaa kwenye kochi tukitafuna soseji. Mchezaji ukishamchukua ni wako mwaka hadi mwaka, mpaka umuuze au umchoke. Wa tisa na wa kumi hukutana wiki ya mwisho, na tunaiita fainali ya mkia. Anayefungwa hukaa mtihani wa kuingilia chuo, Jumamosi ya Februari, katikati ya watoto wa sekondari, na alama zake husomwa mbele ya ukoo.

Msimamizi wa mtihani mwaka huu alikuwa Bi Brekke, mwalimu wa hesabu, mama wa mke wake Lonnie. Huyo mama, siku ya harusi yao, alimuuliza daktari wa meno mmoja aliyealikwa kama bado hajaoa.

Basi fainali ya mkia ikawa Lonnie na binamu yetu Arvid. Jumanne shangazi Corrine, anayeongoza ligi, akapiga simu.

"Lonnie mwanangu, nipe yule Molden wako. Nakupa Hutchins, mtu mzima, hakuangushi."

Tavarius Molden ni mdakaji wa pembeni, miaka ishirini na mbili, msimu wake wa kwanza. Katika wiki tatu zilizopita alileta pointi mbili, nne, na sifuri. Hutchins huleta tisa kila wiki kama mshahara.

"Dogo, nimuuze?" Lonnie akaniuliza.

"Shangazi akikuonea huruma, kagua mifuko yako."

Tukashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba kuangalia mechi zake za nyuma. Lonnie aliukodolea macho mpira. Nikamwambia aache mpira, atazame miguu ya beki. Mechi moja tu, Molden aliwaacha mabeki wakikumbatia hewa mara tisa. Alirushiwa mpira mara mbili, na yule mrushaji wao mzee aliutuma kama barua ya serikali, ukafika mambo yameshapita.

"Kwa hiyo anafaa?"

"Huyu ni mpishi aliyefungiwa nje ya jiko, kaka. Na yule mzee ameumia goti. Jumapili anarusha kijana mwenye mkono wa nguvu."

Lonnie akatazama tena, akahesabu mwenyewe, akapata kumi. Akampigia shangazi kumwambia hauzi.

"Haya, mwanangu," shangazi akasema. "Ununue penseli."

Jumapili Molden alikuwa kwenye kikosi cha Lonnie tangu asubuhi. Kikosi hufungwa saa sita mchana mechi zikianza, na aliye benchi hata akifunga mara mia, pointi zake hazihesabiwi. Zikiwa zimebaki dakika mbili nilipanda juu kuchukua haradali. Niliporudi, Lonnie alikuwa na uso wa mtu aliyekula keki ya mwenzake.

"Umefanya nini?"

"Wamemwonyesha kwenye televisheni akipasha misuli. Kadondosha mipira miwili."

"Umemtoa?"

"Nimemweka Rowley."

"Rowley ana miaka thelathini na tatu, kaka. Akikimbia nasikia magoti yake mpaka hapa. Mrudishe."

Alikuwa bado anatafuta kitufe simu ilipogonga saa sita.

Kabla ya mapumziko Molden alikuwa amefunga mara tatu. Lonnie alishangilia la kwanza kwa mazoea, kisha akakumbuka. Rowley alileta pointi tatu. Tulifungwa kwa pointi tano, na Arvid akatuma picha ya penseli iliyochongwa.

Sheria inataka shahidi kwenye mtihani, nami nilijitolea kabla hawajamaliza kuuliza. Nikasimama mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyangu. Lonnie alibanwa kwenye dawati kati ya watoto wawili, magoti yakigusa ubao. Bi Brekke aligawa karatasi safu kwa safu, akafika kwake, akasimama.

"Nasikia kwa binti yangu, yule kijana alifunga mara tatu."

"Ndiyo, mama."

"Na alikuwa wako."

"Alikuwa benchi, mama."

Msichana wa dawati la mbele akajikohoza. Bi Brekke alimtazama Lonnie kama anavyotazama daftari.

"Hesabu uliifanya sawa wiki nzima, halafu ukafuta jibu."

"Ndiyo, mama."

"Corrine bado anamtaka?"

"Sasa anatoa watu wawili."

"Usimuuze," akasema, akamwekea karatasi mezani, akaenda safu ya pili.

Swali la kwanza lilihusu asilimia. Lonnie aliandika jibu, akalitazama, akachukua kifutio, akakishika hewani kwa muda, kisha akakirudisha mfukoni. Jibu lilikuwa kosa, tulikuja kujua.