Kitabu Mkononi mwa Hamisa

Walikuwa wanampaka mke wangu rangi ya dhahabu nilipofika kushika zamu. Fundi kapanda ngazi, brashi mkononi, anamsugua pua kama anayepaka geti. Nikatema mate. Na kwa kuwa mlinzi haruhusiwi kutema mate ndani ya kampasi, nikayafukia kwa kiatu.

Kila akija mgeni, sanamu yake inapakwa upya. Chini yake wameandika kwamba huyu ni Roho ya Chuo Chetu. Jina lake hawakuandika. Mkononi wamempa kitabu. Hamisa, mtoto wa Handeni, ambaye akiletewa karatasi ya kusaini alikuwa anaweka dole gumba, kasimamishwa pale Korogwe anasoma, jua lake, mvua yake. Niliuliza kwa nini wasimpe upawa. Nikaambiwa suala lilijadiliwa kikaoni, na upawa ulionekana hauna hadhi.

Hadhi! Miaka kumi na sita aliuza uji na mihogo getini, na upawa ule ndio uliokuwa chuo chenyewe. Hakuna mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kupita kwake. Alimgonga kila mmoja begani kwa mpini, taratibu, akamwambia nenda kaandike unachokijua, usichokijua mwachie mwalimu wako. Timu ya mpira ikirudi kutoka Tanga ilifikia kwake kabla ya bwenini. Hata walimu wenye digrii tatu waliinamisha bega, wakijifanya wanatania. Mimi nilisimama pembeni na rungu langu, najiona mtu mkubwa.

Ukaja mwaka wa mahafali yale, mgeni rasmi anatoka Dodoma. Castory, afisa utawala, kijana ninayeweza kumzaa, aliniamkia shikamoo vizuri kabisa, halafu akanieleza kuwa moshi wa yule mama unaharibu mandhari. Ahamie nyuma, kwenye shimo la taka.

"Ongea naye wewe, mzee. Tukimtoa sisi itakuwa vurugu, wanafunzi wanampenda."

Ningeweza kukataa. Majirani zangu wa Manundu wanasema nisingeweza, ajira ni ajira, nami napenda wanavyosema. Nilikwenda asubuhi, nikanyanyua benchi. Hamisa ndiyo kwanza alikuwa anakoroga. Alinitazama bila kuinuka.

"Umetumwa, au umeamua?"

"Nimetumwa."

"Haya, beba vizuri. Sufuria imejaa."

Nikabeba. Tulipita nyuma ya maabara, mimi na sufuria, yeye na upawa wake. Mwanafunzi mmoja alitupiga picha.

Kule hapakuwa na paa. Mvua za vuli zilimkuta amejifunika nailoni, inzi huku, moshi wa takataka kule. Kikaanza kifua. Zahanati ya chuo iko hatua mia tu kutoka pale, lakini walisema inahudumia wanafunzi na watumishi, na mke wa mlinzi wa mkataba hayumo kwenye orodha. Mvua zile hazijaisha, tukampeleka Handeni, tukamzika kwao.

Wanafunzi walilia, wakaandika barua, wakadai sanamu. Hapo ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba walimpenda. Shemeji yangu Muhidini alituma neno kuwa kwao marehemu hachongwi. Wakamjibu kwa kadi ya mwaliko. Siku ya uzinduzi nilikalishwa kiti cha mbele. Mkuu wa chuo akanishika mkono huku anatazama kamera, akasema chuo kimempoteza mama. Walewale. Na mimi nikapiga makofi. Hayo makofi ndiyo yananitia kichefuchefu kuliko rangi yao.

Sasa siku ile niliyowakuta wanampaka, rangi haijakauka, akatokea Raheli, mama mmoja wa Vugiri, na beseni la mapeasi kichwani. Akalitua kwenye kivuli cha sanamu, akatandika kanga, akaanza kupanga mafungu. Haikupita muda Castory akasimama kwenye kibaraza cha utawala. Hakushuka. Alimnyooshea kidole yule mama, kisha akakipeleka kidole nyuma, kule kwenye taka.

Raheli alishaona. Akaanza kurudisha matunda kwenye beseni, hanung'uniki, kama mtu anayekunja nguo zake.

"Yaache, mama," nikamwambia.

"Watakufukuza, mzee wangu."

"Yaache hapohapo."

Akanitazama usoni, pengine anapima kama nina akili timamu. Halafu akayapanga tena, polepole, moja moja. Nikaketi kando yake juu ya ule msingi wa saruji. Mkataba wangu ulikuwa umebakiza miezi minne. Castory aliita jina langu mara ya kwanza, akaliita mara ya pili, kwa sauti ya mtu anayeshuka ngazi.

Nikachagua peasi moja, nikalifuta kwa kofia ya ulinzi, nikaling'ata. Lilikuwa bado gumu, chachu, linakaza fizi. Nikalila lote, mpaka kikonyo.