Maotea ya Mzee

Mume wangu alipofariki, mahindi yake ya mbegu yalikuwa yananing'inia kwenye kamba juu ya jiko, meusi kwa moshi. Moshi huwazuia dumuzi, wadudu watoboao punje. Ukiyapangusa, unakuta punje nyekundu. Aliyachagua kwa mkono wake kila mavuno tangu tulipooana: ya kula yakae ghalani, ya kupanda yakae jikoni.

Mkwe wangu hakulijua hilo. Alikuwa msusi mjini. Mwanangu, dereva wa lori, alimleta nyumbani wiki ile ile ya msiba. Watu walijaa, naye mgeni. Akaangua yale ya jikoni, akayapukuchua, akayachemsha. Watu wakala wakashiba.

Nilipoinua macho nikaona kamba tupu, nilimwambia mbele za watu, "Umempika marehemu."

Neno likitoka halirudi. Alifungasha nguo zake. Mwanangu akambembeleza siku mbili ndipo akakaa, lakini kwangu ikawa "ndiyo, Mama" na "hapana, Mama" tu. Hapo nikajiuliza: nani alimwambia mbegu ni nini?

Basi mvua zilipokaribia nikaanza kumfundisha, neno moja moja, tukiwa na jembe mkononi.

"Kutifua ni kuulegeza udongo, mizizi ipate pa kupita. Tuta ni udongo ulioinuliwa, maji yasilale kwenye shina. Samadi ni mavi ya ng'ombe yaliyokwisha kuoza, siyo ya moto ya leo asubuhi."

"Mavi ya moto, Mama!" Akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

"Yanaunguza mche. Cheka tu, utakula hayo hayo."

Matuta yake yalinyooka kuliko yangu. "Kumbe shamba ni kichwa kikubwa tu," akasema, "tena hakilalamiki kwamba navuta nywele."

Siku ya palizi akauliza, "Sasa gugu nitalijuaje?"

"Gugu ni mmea wowote ulioota usipotakiwa. Hata mhindi ukiota katikati ya maharage, ni gugu. Ling'oe, lilaze mizizi juu, jua limalize."

Kinywa changu hicho.

Wiki iliyofuata nikaona miche mitatu ya mahindi kwenye maharage, pale pale Mzee wangu alipokuwa akikaa kupukuchua. Mashina mekundu, kama ya mbegu yake. Hakuna aliyeipanda. Tunaita maotea: punje imedondoka, imejiotea yenyewe. Nilisimama pale mpaka kanga ikalowa.

Nilitaka kumwambia mkwe wangu. Lakini ningeanzaje bila kuyafukua ya msibani? Ndiyo kwanza ameanza kucheka. Nikasema nitaizungushia vijiti kesho. Kesho yake goti likanikaza, nikalala ndani.

Siku ya tatu akaja mbio, matope hadi kwenye viwiko. "Mama, njoo uone! Maharage yote nimepalilia peke yangu!"

Shamba lilikuwa safi. Pembeni, juu ya lundo la majani, miche mitatu imelala mizizi juu, imesinyaa.

"Hata mahindi yaliyojichomeka humo nimeyaona," akasema. "Sikudanganyika."

Nikainama, nikaokota mche mmoja.

"Mama? Nimekosea?" Uso wake ukawa ule ule wa siku ya msiba.

"Hapana, mwanangu. Umepalilia kama nilivyokufundisha. Nenda kanawe, chai inapoa."

Alipoingia ndani niliirudisha miche ardhini, nikaimwagia kopo la maji, huku najua. Mzizi ulioungua na jua haufufuki. Kulipokucha, yote mitatu ilikuwa imelala.

Akanikuta pale na jembe begani. "Leo ni neno gani, Mama?"

"Leo ni mbegu. Mahindi tuliyopanda kwa mbegu ya dukani yakikomaa, nitakuonyesha ya kuchagua. Kamba ya jikoni bado ipo."

Akachora udongo kwa kidole cha mguu. "Ya Baba hayakubaki hata moja?"

"Hayakubaki," nikasema, nikaichukua njia ya shambani mbele yake asinione uso.