Chumba cha Pili

Saa tisa alasiri, Jumamosi, lango linafungwa. Mume wangu anakwenda kwenye mkutano wa watu wanaoacha pombe, na mimi nimelala kwenye kochi na taulo baridi usoni kwa sababu kichwa kinaniuma. Mkutano wenyewe uko wapi sijui. Nilipomuuliza alisema akinionyesha mahali atakuwa amenionyesha na wenzake, na kule watu hawatajani. Ninachojua ni hiki: tangu Februari hajanywa, ana mlezi, mtu aliyeacha zamani, jina lake Shambi, kila jioni anampigia simu kutoka barazani, na akizungumza naye anacheka kicheko ambacho mimi sijakisikia tangu tulipooana. Miaka yote nimeishi na pombe yake mimi. Nimemvua viatu, nimemdanganyia mwajiri wake, nimenusa vikombe vyake akiwa bafuni. Shambi amempokea akiwa msafi, na kicheko amepewa yeye.

Macho yanajifumba, lango linasikika tena, na safari hii anayelifunga ni mimi, nikiwa nje. Barabara ya mtaani kwetu haipo. Ipo nyingine inayoteremka, na nikifika chini naikuta inaanza upya kuteremka, na pande zote mbili maduka yana kuta za vioo, na ndani ya kila kioo mume wangu, Baba Wakesho, anatembea mbele yangu, mgongo tu, shati la buluu. Nikitazama barabarani hayupo, nikitazama kioo yupo, basi nafuata vioo. Kwenye kona amesimama mlinzi. Mahali pa uso wake pana ngozi tupu kama kiganja. Namsalimu, anaitikia vizuri. Namuuliza mkutano wa wanaoacha pombe uko wapi, anasema uko pale asipoulizwa mtu anatoka wapi. Namwambia hilo si jibu, nataka jina la mtaa. Anasema huku watu hawafiki kwa jina la mtaa, wanafika kwa kuchoka. Umechoka, mama? Nimechoka. Umechoshwa na yako, au na ya mwenzio? Mabega yake yanacheka, ananyoosha mkono, na barabara inapinda kuufuata.

Inaishia kwenye darasa la chekechea. Mlangoni pana mwanamke wa kitenge, naye hana uso, ameshika chupa ya chai. Ananieleza kwamba chumba hiki ni cha wanywaji wenyewe tu, na watu wa nyumbani kwao hukutana chumba cha pili, saa hii hii. Chumba cha pili kiko wazi, nakiona. Lakini sauti ya mume wangu inatoka hiki. Namwambia, Mimi mwenyewe ni mlevi. Sijawahi kuonja hata bia. Anasema, Karibu, hapa hatunusi mtu. Chagua kiti, vyote vitakubana. Watu wazima wamekaa kwenye viti vya watoto, magoti yamefika kifuani, na nyuso hawana, isipokuwa Baba Wakesho. Kando yake kuna mtu mfupi mwenye sweta lililofumuka mkononi, ndiye Shambi. Nimemwonea wivu mtu mkubwa kuliko huyu. Mume wangu amesimama, anasema, Siku tuliyomzika mdogo wangu, kitu ambacho sijamwambia mke wangu, halafu ananiona. Ananyamaza. Hakuna anayemharakisha. Anachukua kofia yake, anasema leo hana la kusema, anaomba kutoka. Shambi anamwambia, Kaa, ndugu yangu. Anasema hawezi. Dirishani, ng'ambo ya barabara, kuna baa yenye ukuta wa kioo, na ndani ya kioo ameshafika, amekaa kaunta, glasi imejaa.

Kazini kwangu napima maji, natafuta kilichoyabadilisha, na nafanya hapa ninachofanya kule. Kabla sijaingia alikuwa anasema. Nilipoingia amenyamaza. Kilichobadilika ni kimoja. Lakini sinyanyuki, maana maneno yale ni yangu, nimeyangoja kuliko yeyote kwenye viti hivi, na kila asiye na uso humu atayasikia isipokuwa mimi. Kwenye kioo anainua glasi. Nasimama, nasema, Samahani, nimekosea chumba. Shambi anasema, Si wewe wa kwanza, shemeji. Natoka, na nyuma yangu sauti inaanza tena, maneno siyapati, sauti tu, na kaunta ya ng'ambo ina glasi na kiti kitupu. Chumba cha pili mwanamke anaondoa mkoba wake kwenye kiti kidogo. Kaa, anasema, mimi wangu nanusa hadi mto wake wa kulalia. Wanawake wanacheka, na mimi nacheka, kwa sauti, mpaka kicheko chenyewe kinaniamsha.

Niko kwenye kochi. Taulo limekauka. Miguu yangu ina vumbi, ila asubuhi nilifagia uwanja. Baba Wakesho ameinama mlangoni anafungua kamba za viatu. Namuuliza kama leo mkutanoni alikuja mgeni.

Mama Wakesho, anasema, kule tunaowaona hatuwasemi.

Hata ningekuwa mimi?

Ananitazama. Hata ungekuwa wewe, anasema, na anaketi kando yangu kwenye kochi, kiatu kimoja bado mguuni.