Nakshi Kwenye Njia ya Ndege

Siku ya safari, Thaiyalnayaki aliamka saa kumi na moja alfajiri, akanyunyiza maji mbele ya kibanda nambari sitini na mbili cha kambi ya wakimbizi, nje kidogo ya Chennai, akachota unga wa mchele kwa ncha za vidole na kuanza kuchora nakshi ya mlangoni, kama alivyofanya kila siku kwa miaka thelathini na mitatu. Safari hii aliichora kubwa: nukta ishirini na moja kwa ishirini na moja, na mstari mmoja usiokatika ukizizunguka zote, maana ilikuwa nakshi ya kuagia.

“Mama Yalini, gari halimngoji mchoraji,” alisema mumewe, Ponnuthurai, mwalimu mstaafu wa hesabu, akiwa amekwisha vaa shati lililopigwa pasi.

“Maneno hayo hayo uliniambia tulipotoka kwetu.”

“Na siku ile pia ulichelewa.”

Kwa kuhimizwa, mkono wake uliteleza na mstari ukapinda pembeni. Alipojinyoosha mgongo, nakshi ilikuwa imekwisha ondoka, nayo ardhi ilikuwa tupu. Nakshi zake hazikupata kukaa pale zaidi ya hapo. Majirani walisema ardhi ya kambi ina chumvi, naye hakubishana nao.

Ndege ilikuwa ndogo, ya mapangaboi mawili, na kila abiria aliruhusiwa kilo kumi na tano. Ponnuthurai alikuwa amebeba kifuani, ndani ya mfuko wa plastiki, hati ya nyumba yao ya kaskazini mwa Sri Lanka: nyumba moja, kisima kimoja, miti saba ya mivumo. Wakati wa vita, wenye bunduki waliwapa nusu saa ya kuihama. Thaiyalnayaki alitaka jambo moja tu: kukanyaga kizingiti chake kabla hajafa.

Bahari ilipita chini yao, nyembamba kiasi cha kutia aibu. Baada ya saa moja na robo, sauti ya rubani ilisikika. Aliwaomba radhi abiria. Wangezunguka angani kwa dakika ishirini, kwa sababu njia ya ndege ilikuwa na nakshi na wafagiaji hawajamaliza.

“Leo tena!” alilalamika mfanyabiashara wa sari aliyeketi upande wa pili wa ujia. “Juma lililopita zilikuwa dakika tano tu. Huyo anayechora hana kazi kwake?”

“Anayo,” alisema Thaiyalnayaki. “Ndiyo hiyo.”

Aliegemea dirisha. Chini, juu ya lami nyeusi, ilikuwapo nakshi nyeupe, nukta ishirini na moja kwa ishirini na moja, imepinda pembeni pale mkono wake ulipoteleza. Kunguru walikuwa wakila unga. Watu wanne wenye fagio walikuwa wamefika katikati. Hakukuwa na mvumo hata mmoja, lakini alijua kizingiti kilikuwa wapi, kwa kuwa hajawahi kuchora mahali pengine.

“Baba Yalini, tazama nyumbani.”

Ponnuthurai alivaa miwani, akatazama kwa muda mrefu. “Mstari umepinda,” alisema hatimaye, akamshika mkono.

Ndege ilitua. Ilipopita pale palipokuwa na mlango, mama mmoja wa safu ya mbele alivua kandambili, na wengine wakafanya vivyo hivyo, kila mtu akiendelea kutafuta mizigo yake.

Afisa wa pasipoti, kijana mwenye adabu, aliisoma fomu yao mara mbili.

“Mzee, hapa kwenye anwani ya kudumu mmeandika njia ya ndege.”

Ponnuthurai alifungua mfuko wa plastiki, akaiweka hati mezani. Afisa aliikagua mihuri yote.

“Hati ni halali kabisa,” alisema. “Ardhi ndiyo haipatikani.” Aliikata anwani ile kwa rula ili mstari unyooke. “Jazeni hapo chini, penye anwani ya muda.”

“Tumekuwa wa muda miaka thelathini na mitatu,” alisema Ponnuthurai.

“Nafasi inatosha, mzee.”

“Basi niende nikakanyage mara moja tu,” alisema Thaiyalnayaki. “Hatua sitini kutoka hapa.”

“Haruhusiwi mtu asiye na kazi pale, mama.”

Mfagiaji mmoja alikuwa amesimama mlangoni akiwasikiliza, ufagio begani, viganja vyeupe kwa unga.

“Kumbe ni wewe!” alisema. “Mama, una roho ngumu. Siku ya sikukuu ulichora tausi. Nilimfagia mkia mpaka kiuno kikagoma.”

“Nisamehe, mwanangu. Sikujua kuna mtu anafagia.”

“Si neno. Ila ungekuwa unaamka nusu saa mapema, tungewahi.”

Ponnuthurai aliandika anwani ya mpwa wake mjini. Afisa aligonga muhuri.

Kesho yake, saa kumi na nusu alfajiri, Thaiyalnayaki alichora mbele ya mlango wa mpwa. Alipojinyoosha mgongo, ardhi ilikuwa tupu.

“Umewachorea ndogo?” aliuliza Ponnuthurai kutoka ndani.

“Kubwa ile ile. Nimeamka mapema tu.”

Wakati wa chai, ndege ya Chennai ilipita juu ya paa. Haikuzunguka hata mara moja. Ilitua kwa wakati wake.