Mchanga wa Kuangukia

Mwalimu Eufrazia alirudi shuleni Jumatatu, baada ya semina ya michezo huko mjini, akakuta shimo la kurukia limeachwa tupu. Mchanga wote alioupepeta na watoto tangu muhula ulipoanza, wakitoa vigae na mizizi, ulikuwa umezolewa. Kilichobaki ni udongo mwekundu, mkavu, mgumu kama sakafu.

Hakuhitaji kuuliza ulikokwenda. Upande wa pili wa uwanja jukwaa lilikuwa limepigwa lipu mpya. Saba Saba ilikuwa inakaribia, na mwaka huo shule yao, huku pembezoni mwa Temeke, ndiyo ingempokea mgeni rasmi. Mwalimu Mkuu, Ndugu Kornelio, alitaka mgeni aketi mahali panapopendeza.

"Chausiku yuko hospitali," mwalimu mwenzake, Kasimiri, alimwambia bila kumtazama. "Amevunjika mguu. Ijumaa."

"Amevunjikia wapi?"

Kasimiri akaelekeza kidevu kwenye shimo. Akaeleza kwamba Mwalimu Mkuu alimwagiza achague watoto wa kuruka mbele ya mgeni. Yeye alimwambia pale chini pamekauka. Mwalimu Mkuu akajibu kwamba enzi zao wao walirukia penye mawe na hawakufa.

"Na wewe ukapuliza filimbi."

"Ningefanyaje, Eufrazia? Nikapuliza."

Kengele ikagongwa, wakaenda mstarini. Ndugu Kornelio alisimama mbele ya watoto, mikono nyuma, suti yake ya Chou En-Lai, ile ya kola ya kufunga hadi shingoni, imenyooshwa vizuri. Akasema mwenzao ameumia kwa utundu wake mwenyewe. Aliruka bila ruhusa. Mtoto wa taifa linalojenga ujamaa husikiliza amri, na asiyesikiliza huishia kitandani. Basi wamtazame Chausiku, wajifunze.

Eufrazia alihisi masikio yanawaka moto. Chausiku alikuwa mtoto wa darasa la tano ambaye hata kifutio chake kikianguka huomba ruhusa ya kukiokota. Kabla hajafikiri, akajikuta ametoka kwenye safu ya walimu.

"Mwalimu Mkuu, hiyo si kweli. Aliruka kwa amri yako."

Watoto wote wakainamisha macho.

Ofisini, Ndugu Kornelio hakumkaribisha kiti. "Umenivunjia heshima mbele ya wanafunzi."

"Wewe umemvunja mtoto mguu, kisha unamvunjia na jina lake."

"Mchanga ni mali ya shule. Na nyie mnaotoka kwenye semina mmezidi kuwadekeza watoto. Nchi hii inahitaji watu wakakamavu."

"Huo ukakamavu atausimamisha kwa mguu upi?"

Akaambiwa atoke, ajiandae kuitwa na kamati ya shule.

Jioni alikwenda hospitali. Chausiku alikuwa amefungwa plasta toka pajani hadi karibu na vidole, uso umesawijika. Mama yake, Bi Mwanakombo, mwenyeji wa Mtoni na mfanyakazi wa kiwanda cha sabuni, alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akiwa bado na kitambaa cha kazini kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Chausiku alisema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, mie sikuruka bila ruhusa."

"Najua."

"Wenzake wamekuja kumtazama, wakamwambia yaliyosemwa mstarini," Bi Mwanakombo alisema. "Tangu hapo chakula hakipiti. Mguu utaunga, Mungu akijalia. Sitaki kitu cha huyo bwana. Nataka asimame palepale aliposimama, aseme mwanangu hakukosa. Basi."

Eufrazia alirudi kwenye chumba chake cha kupanga akiwa na hasira iliyomkosesha hata hamu ya kuwasha jiko. Kule kwenye semina walifundishwa namna ya kupata washindi. Wanaoumia hawakutajwa. Na yeye mwenyewe alikuwa amewaona wengi: mtoto aliyepoteza meno kwenye nguzo ya goli iliyooza, wa darasa la pili aliyeburuzwa na wakubwa kwenye mchezo wa kuvuta kamba, wasichana waliozimia wakikimbizwa juani na matumbo matupu, aliyeteguka bega akiwa chini kabisa, wenzake wamepandana juu yake katika maonyesho ya halaiki. Kila mara walimu walisema ni bahati mbaya. Bahati mbaya gani hiyo inayokuja kila muhula? Watu wazima walikuwa wanaiandaa kwa mikono yao, kisha wanamlaumu mtoto.

Kamati ilipomwita alikuwa ameshajua la kusema. Mwenyekiti, Mzee Mwishehe, alimtaka aombe radhi ili mambo yaishe.

"Nitaomba radhi nikionyeshwa uongo niliosema," Eufrazia alijibu. "Lakini kwa kuwa mmekaa hapa, nisikilizeni. Mwalimu wa zamu akague uwanja kila asubuhi kabla mtoto hajaukanyaga. Watoto wapashe viungo moto kwanza. Wadogo wacheze na wadogo wenzao. Pasiwe na mbio jua likiwa utosini. Mtoto akisema anaumwa, aaminiwe. Na mwalimu yeyote akiona hatari asimamishe mchezo, hata kama Mwalimu Mkuu ameamuru uendelee."

Hilo la mwisho lilizua mabishano. Ndugu Kornelio alisema ni uasi. Mzazi mmoja akauliza, "Kama Kasimiri angekuwa na ruhusa hiyo Ijumaa ile, mtoto angekuwa wapi leo?" Mwishowe mpango ukapita wote, na ikaamuliwa wazazi walete mchanga mwingine, maana ule wa kwanza ulikuwa umeshakuwa jukwaa.

"Na jina la mtoto?" Eufrazia aliuliza.

Mzee Mwishehe akakuna ndevu. "Hayo yameshapita, Mwalimu. Tuyaache."

"Hayajapita. Mtoto hali chakula."

Lakini kikao kikafungwa kwa makofi, watu wakaondoka wameridhika, na Eufrazia akabaki kwenye benchi na hasira yake. Wamekubali kuwalinda watoto wote, huyu mmoja aliyelipia hekima yao wamemwacha na aibu yake.

Wazazi walichota mchanga bondeni kwa ndoo na karai, wanawake wa zamu ya Bi Mwanakombo kiwandani wakiwa mbele. Saba Saba ikafika. Watoto walipasha viungo, wakagawanywa kwa vimo, na Eufrazia akasimama kando ya shimo na kipaza sauti cha mkononi, tayari kuwaita warukaji.

Kule jukwaani Ndugu Kornelio alikuwa akimweleza mgeni, kwa sauti ya kusikiwa na wote, kwamba mpango huu wa kuwakinga watoto na majeraha aliubuni yeye, na shule za jirani zimeanza kuuulizia. Mgeni akapiga makofi.

Bi Mwanakombo akasimama katikati ya wazazi. Chausiku alikuwa mkekani kando yake, mguu wa plasta umenyooshwa. Mama alisema jambo, lakini makofi yakalimeza. Hapo Eufrazia akakata uwanja, akapita mbele ya jukwaa, akamkabidhi kipaza sauti.

"Ndugu mgeni, shikamoo," Bi Mwanakombo alisema. "Mpango ni mzuri. Ila huyu hapa ni mwanangu. Alivunjikia kwenye shimo lile siku lilipokuwa halina mchanga, na wenzake wakaambiwa ni mtundu, aliruka bila ruhusa. Namwomba Mwalimu Mkuu aseme leo, aliruka kwa ruhusa au bila ruhusa?"

Mgeni akamgeukia Ndugu Kornelio. "Jibu, ndugu."

"Mtoto aliruka kwa amri ya shule."

"Amri ya nani?" Bi Mwanakombo akauliza.

Ndugu Kornelio alitazama viatu vyake. "Yangu."

Neno la samahani hakulitoa. Lakini watoto waliokuwa wamepanga mstari walisikia, wakaanza kugeuka mmoja mmoja kumtazama Chausiku, naye hakuficha uso.

Muhula uliofuata Eufrazia alihamishiwa shule ya Mbezi, ambako wakati huo palikuwa pori na mikorosho, na basi lilipita likijisikia. Hakuna aliyemweleza sababu. Ndugu Kornelio alibaki kwenye kiti chake. Mguu wa Chausiku uliunga ukiwa mfupi kidogo kuliko mwenzake. Alimaliza shule, ila hakuruka tena. Watu walipompongeza Eufrazia kwa mpango wake uliokuwa ukienea, aliudhika. Aliona wanamsifu kwa jambo ambalo lingepaswa kuwapo kabla mtoto yeyote hajaumia.

Siku yake ya kwanza Mbezi aliomba aonyeshwe uwanja. Visiki vya mikorosho vilikuwa vimejitokeza kila mahali, na baina yavyo watoto walikuwa wakifukuzana na mpira wa makaratasi. Akapuliza filimbi, wakasimama.

"Tuna mashindano karibuni, Mwalimu," mwalimu mkuu wa hapo alimwambia. "Wacha kwanza wafanye mazoezi, visiki tutavishughulikia baadaye."

"Hawatacheza hapa leo," Eufrazia alisema. "Majembe yako wapi?"