Mfasiri wa Nyimbo za Kizungu

Mwalimu Ignace alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni wa walimu wengi: neno "sijui" lilikuwa halipiti kooni mwake. Ungemwuliza umbali wa mwezi, angekutajia. Ungemwuliza malkia wa Uingereza anakunywa chai gani asubuhi, angekujibu bila kupepesa macho. Na kwa kuwa mwaka 1985, alipotumwa na serikali kutoka Kasai akiwa kijana wa miaka ishirini na mitano, yeye ndiye aliyefundisha Kiingereza katika shule yake huko Butembo, hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Ilikuwa enzi ya kaseti. ABBA, Boney M, Kenny Rogers, Dolly Parton, Lionel Richie: vijana wa mji waliwajua hao kuliko walivyowajua mawaziri wao wenyewe. Jumapili alasiri walicheza slow, dansi ya polepole ya wawili wawili, macho yamefumbwa, wakiimba maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyaelewa. Basi kila Jumamosi walipanga foleni mlangoni kwa mwalimu, kaseti mkononi, ili awaambie walikuwa wanaimba nini. Ignace aliinamisha kichwa karibu na redio yake, akasikiliza, akaandika. Walimletea ndizi, sambusa, chupa ya bia. Si bia iliyomfurahisha. Juma zima alikula peke yake katika mji ambao watu wake walizungumza Kinande hata usingizini, lakini Jumamosi alikuwa na marafiki.

Ukweli ni kwamba hakuelewa hata robo. Kiingereza chake kilikuwa cha ubaoni, na waimbaji wale walimeza maneno kama tonge la bugali. Kwa hiyo alifuata sauti ya gitaa: wimbo ukichangamka, aliutungia furaha, ukienda polepole, aliutungia machozi. Vijana waliondoka wameridhika, wakanakili maneno yake katika barua zao za mapenzi. Hakuona ubaya wowote, na kwa miaka arobaini aliendelea kutouona.

Aliuona Jumamosi moja ya mwaka huu, saa nane mchana, nyumbani kwake katika mtaa wa Mususa. Elikia, mtangazaji wa redio moja ya mjini, alikuwa amekuja kuchagua naye nyimbo. Kijana huyo ana kipindi cha nyimbo za zamani kila Jumapili baada ya misa, na kesho yake alitaka mzee aketi mbele ya mikrofoni awafasirie wasikilizaji, kama zamani zile. Ignace alikuwa amekwisha kupiga pasi shati lake.

"Na hii, Papa Ignace? Batu banaiomba sana," Elikia akasema, akapiga wimbo mmoja kwenye simu.

Ignace aliutambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa. "Hiyo ni ya kuagana," akajibu upesi. "Bwana anaaga mwanamuke."

Elikia akacheka. "Mais hapana, Papa. Maneno yake iko hapa, na Kifaransa. Ni kinyume kabisa. Bwana anamwita."

Akampa simu. Ignace alivaa miwani, akasoma. Mwanamume wa wimbo ule alikuwa amekwenda mji mwingine kutafuta kazi, na kazi ameipata. Amepata na chumba, ila hakina kitanda bado. Anamwomba mpenzi wake asisubiri mpaka mambo yanyooke. Aje hivyo hivyo, na viatu alivyovaa, maana yeye peke yake ameshindwa. Kila ubeti ulikuwa unasema aje.

Mzee akavua miwani. Wimbo huo aliufasiri mara moja tu maishani, kwa ajili ya Jeannine.

Jeannine wakati ule alikuwa na miaka kumi na tisa. Mchumba wake, Syauswa, alikuwa amepata kazi Beni katika ghala la kahawa, ambako wanunuzi kutoka Uganda walizungumza Kiingereza, na ukoo wake ulikuwa umekwisha kutoa mbuzi sita wa mahari. Halafu ikatoka Beni kaseti bila barua, na ndani yake wimbo huo mmoja, umerekodiwa mara nne mfululizo. Binti aliruka foleni, akakataa kuketi. Ignace akasikiliza gitaa likilia. Wimbo wa huzuni namna ile, akawaza, hauwezi kuwa na habari njema.

"Anakuaga," akamwambia. "Anasema umusahau, usimungojee."

"Mwalimu, ni kweli?"

"Miye ni mwalimu," Ignace akajibu, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Juma lililofuata mbuzi sita walirudishwa. Syauswa alipanda lori la kahawa akaja, akasimama uani kwa kina Jeannine tangu asubuhi mpaka mvua ikamkuta. Jeannine hakutoka. Alimtuma mdogo wake akamwambie kwamba ameisikiliza kaseti yote, na jibu lake ni mbuzi. Ignace alizipata habari hizo kama kila mtu mjini. Alimhurumia binti wa watu, na, Mungu amsamehe, alijivuna kidogo kwamba amemwokoa asipoteze miaka kumngoja mhuni.

Jeannine aliolewa na Edmond, mfanyabiashara, mtu asiye mbaya, akazaa naye watano, akamzika. Syauswa naye alikufa mwaka juzi. Sasa angefufuliwa kwa faida ya nani? Ignace angeweza kumwomba Elikia auache wimbo huo, na mambo yangekwisha. Alifungua mdomo kusema hivyo. Aibu ikamshika, akafikiri jinsi nusu ya Kimemi, mtaa wa Jeannine, inavyofungulia redio Jumapili, na kwamba leo au mwaka ujao mtu mwingine mwenye simu atamweleza Jeannine ukweli. Akatwaa karatasi, akanakili maneno yote, akashika njia.

Alimkuta Jeannine huko Kimemi, mbele ya kiduka chake, akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Karibu, Mwalimu. Ikala. Mbona jasho hivyo?"

"Mama Jeannine, ile cassette ya Syauswa..."

Vidole vyake vikasimama. "Iko na nini?"

"Nilikudanganya. Ile wimbo sikusikiaka maana yake. Nilipata haya ya kusema hivyo mbele ya batu, nikatunga yangu."

Jeannine akauliza: "Na yenyewe ilisemaka nini?"

Ignace akatoa karatasi. Alisoma polepole, akigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili, na safari hii hakuongeza hata neno. Chumba. Kitanda ambacho hakipo. Viatu. Uje.

"Rudilia," Jeannine akasema.

Akarudia. Pikipiki zilipita, mteja mmoja akauliza bei ya mchele na hakujibiwa. Ignace alikuwa akingoja matusi. Aliyatamani, kwa kweli. Mtu akitukanwa hupata mahali pa kuanzia.

"Miaka makumi ine," Jeannine akasema. "Njo maana alimuulizaka mudogo wangu mara tatu kama nilisikiliza yote mpaka mwisho."

"Unisamehe, Mama. Ni miye nilikunyang'anya bwana. Makosa yote ni yangu."

"Ngoja."

Aliweka ungo chini, akajipangusa mikono kwenye kitenge, mmoja, kisha wa pili.

"Mwaka juzi Syauswa alitoka Beni mugonjwa, bakamulalisha kwa lopitali hapa Butembo. Akatuma binti yake. Alikuja akaikala hapa hapa kwenye weye uko sasa. Anasema, papa anaomba umufikie, hata dakika moja. Nikamujibia: aliniagaka kwa cassette, ile inatosha. Binti akalia, akaenda. Siku ya tatu bakapiga simu, amekufa."

Ignace akaikunja karatasi. Kumbe kosa lake lilikuwa kubwa kuliko alivyolibeba njia nzima kutoka Mususa. "Ni sababu ya ile wimbo, Mama Jeannine. Bila miye ungeenda."

Jeannine akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka hesabu iwe sawa.

"Mara ya kwanza aliniita na Kingereza, Mwalimu. Ile ni yako, uibebe. Mara ya pili aliniita na Kinande. Nilisikia maneno yote, na sikuenda."